Betri ya Kushoto

Jina lake la kuzaliwa walishalisahau hata majirani. Wote walimwita Koleo. Baba yake ndiye aliyempachika jina hilo angali mtoto wa kutambaa, kwa sababu kitu akikishika kwa vidole vyake hakibanduki mpaka apende mwenyewe. Baba alikuwa fundi wa mashine za boti pale gatini, na Koleo alikulia ndani ya karakana yake, akajua harufu ya petroli kabla hajajua ya manukato. Umri ambao wenzake walikuwa wanajifunza kusukana nywele, yeye alikuwa anafungua kabureta na kuirudisha bila kubakiza hata skrubu moja mezani.

Waliomjua vizuri walisema kushika kwake hakukuwa kwa vidole peke yake. Jambo likimwingia moyoni, ndiyo limeingia. Na lililomwingia lilikuwa na jina: Fundi Chapchap.

Chapchap alikuja karakanani kujifunza kazi, mchangamfu, mtu wa mkono wa kushoto na mdomo wa asali. Alikuwa mwepesi kweli. Boti ikiletwa asubuhi imekufa, mchana inanguruma, na mwenye boti anaondoka huku akimmwagia sifa. Baba alimpenda kama mtoto wa kumzaa. Koleo naye, ukweli usemwe, alimpenda kupita hapo, wakaoana. Kitu kimoja tu kiliwagombanisha. Chapchap akiunganisha nyaya, hakuzibana kwa kibano wala kuzilehemu kwa risasi. Alizisokota kwa vidole, akazungushia utepe mweusi, akamalizia kwa kukaza uzi wa kuvulia juu yake. Kwisha kazi.

"Waya haufungwi kama mzigo wa kuni," Koleo alimwambia kila mara.

"Kwani umeme una macho?" Chapchap hucheka. "Ukishapita umepita."

Siku moja boti ya abiria iliyokuwa imetoka karakanani kwao ilishika moto ikiwa imefungwa gatini. Abiria walikuwa wameshashuka, lakini baharia mmoja aliyebaki ndani akiosha sakafu aliungua miguu yote miwili. Mwenye boti alikuwa mwanamke mnene mwenye magoti mabovu na boti nyingi, ambaye watu wote walimwita Tajiri. Alikuja pale akiwaka kuliko boti yenyewe. Nani alishika nyaya za boti hii? Koleo alikuwa amefunga taa mbili za mbele, basi. Nyaya zote zilizopita chini ya viti zilikuwa kazi ya Chapchap. Lakini Chapchap alimtazama Tajiri machoni bila kupepesa, akasema:

"Mimi sikugusa waya hata mmoja, naapa. Ni mke wangu. Nimemwonya mpaka mdomo umeota sugu."

Koleo aliingia kwenye majivu, akakiona kipande cha kiungo kilichosokotwa, akapiga kelele watu waje waone. Chapchap alimshika bega kama mume anayemhurumia mkewe, na kwa ncha ya kiatu akakisukumia kile kipande majini. Hakuna mwingine aliyeona.

Baba wakati huo alikuwa kitandani, mgonjwa. Habari alipelekewa na mkwewe huyohuyo. Koleo alipoingia chumbani kujieleza, mzee aligeuka akautazama ukuta. Hakumwuliza swali. Alikufa akiwa ameutazama ukuta uleule, na machozi ya msiba hayajakauka talaka ikafuata. Karakana akabaki nayo Chapchap, kwa kuwa wateja walikuwa wake, na kiwanja kilikuwa cha Tajiri. Pale gatini hapakuwa tena na mwenye boti ambaye angemruhusu Koleo aguse hata kamba ya nanga.

Akahamia na mama yake kwenye chumba kimoja kinachotazama barabara. Kitanda kilikuwa nyuma ya pazia, na mbele meza ya kazi iliyojaa feni, pasi na redio za watu. Ndivyo alivyoishi miaka hiyo: kutengeneza pasi. Akimenya waya kwa kisu anaiona shingo ya Chapchap. Akikaza skrubu anauma meno. Wateja walidhani ni mtu makini sana.

"Mwanangu, mavi ya kale hayanuki," mama yake alimwambia, akimwona anavyotazama upande wa gatini boti zinaponguruma.

"Yananuka, mama. Labda wewe una mafua."

Kati yao lilikuwapo jambo lisilosemwa, nalo ni kwamba mama pia aliuamini uongo ule. Hakuwahi kutamka, ila akiona binti yake anaacha pasi kwenye umeme, alikuwa akiinuka na kuichomoa.

Siku ambayo mambo yaligeuka, mtu alisimama mlangoni akaziba mwanga. Alikuwa Nahodha. Huyu ndiye yule baharia aliyeungua. Tajiri alimtibu, akampandisha cheo, na sasa alikuwa akiendesha boti yake kubwa kuliko zote, yenye mashine mbili za nyuma, moja kulia na moja kushoto. Bado alitembea kwa kuburuta mguu. Hakukaribia.

"Nimetumwa," alisema. "Kwa hiari yangu nisingekanyaga hapa."

"Sema ulilotumwa."

Akasema. Boti ilikuwa na betri mbili, kila mashine na yake, na betri ya kushoto haikubali kujaa. Chapchap ameibadilisha, akabadilisha tena, na kila mpya inakufa kama iliyotangulia. Juzi walikuwa katikati ya maji na abiria tele. Majani yakajisokota kwenye rafadha zinazosukuma boti, ikabidi wazime mashine zote mbili wayaondoe. Kuwasha tena, kimya. Mkondo ukawa unawavuta kuelekea kwenye miamba, watoto wanalia, watu wazima wanatubu dhambi hadharani, mpaka boti ya mizigo ilipotokea ikawavuta. Tajiri ametafuta fundi bandari zote za jirani, na kila aliyekuja alitikisa kichwa akaondoka.

"Na Chapchap anasemaje?"

"Anasema alteneta ya kushoto imekufa, haizalishi umeme, iagizwe mpya." Nahodha akautazama mguu wake. "Tajiri amesema nimlete yeyote. Hata yule aliyeniunguza. Ndivyo alivyosema."

Moyo wa Koleo ulipiga teke. Aliichukua mita yake ya umeme, akafunga kitambaa kichwani, akampita Nahodha mlangoni.

Pale gatini walimkuta Tajiri amekaa kwenye kiti cha plastiki, fimbo mapajani. Chapchap alikuwa ndani ya boti, amenenepa, suruali safi isiyofanana na ya fundi. Alipomwona Koleo, kicheko kilimtoka chenyewe.

"Tajiri, hata huyu? Kweli maji yamefika shingoni. Ficheni viberiti."

Mabaharia walicheka. Koleo alisikia kicheko hicho mpaka kwenye mifupa, akakimeza, akakiweka akiba.

"Shikamoo, Tajiri."

"Marahaba. Ukiiharibu nakufunga."

"Sawa."

Akapanda. Kwanza alizitazama betri. Zamani zilikuwa nyuma, karibu na mashine, lakini zilikuwa zimehamishiwa mbele chini ya benchi ili boti isiinamie nyuma. Aliuliza ni kazi ya nani, na Chapchap akajibu kwa majivuno kwamba ni yake, na kwamba tangu siku hiyo boti inakwenda kama kisu. Koleo akaitikia kwa kichwa. Akapima betri zikiwa zimepumzika, zote mbili zikasoma namba moja, ya chini. Akaomba mashine ziwashwe.

Zilipowaka, Chapchap alisogeza mita yake mwenyewe. "Tazama, volti kumi na nne huku, kumi na nne na huku! Sasa utasema inachaji, wakati kesho imekufa. Ndiyo maana nasema alteneta ina ugonjwa wa kuja na kuondoka."

Koleo aliinama chini ya usukani. Palikuwa na swichi nyekundu inayounganisha betri mbili ziwe kitu kimoja, ya kutumika betri moja ikizidiwa wakati wa kuwasha. Ilikuwa imewashwa, na kwa vumbi lililoishika, ilikuwa hivyo kwa muda mrefu.

"Hii imewashwa tangu lini?"

"Haizimwi hiyo. Ndiyo inasaidia kushoto."

"Inasaidia kukudanganya," Koleo alisema, akaizima.

Namba kwenye mita ya kushoto ikaporomoka hapohapo mpaka kumi na mbili, ikaendelea kushuka kidogokidogo kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Koleo alimweleza Tajiri kwa sauti ya kusikika: mashine ya kulia ndiyo ilikuwa inalisha betri zote mbili, na taa, na pampu, na redio. Mke mmoja anapikia nyumba mbili. Fundi akipima kushoto anaona umeme wa kulia, anadhani kuna uzima.

"Basi si nimesema alteneta ya kushoto imekufa?" Chapchap alidakia.

Koleo alikwenda nyuma, akavua kifuniko cha mashine ya kushoto, akapima pale waya mwekundu wa kuchajia unapotokea. Karibu kumi na tano. Akaigeuza mita Nahodha asome mwenyewe, maana alitaka mtu asiyempenda ndiye asome.

"Kumi na tano kasoro kidogo," Nahodha alisema.

"Na kule kwenye betri?"

"Kumi na mbili."

"Mashine ni nzima. Inapika. Chakula kinaibiwa njiani."

Kicheko cha mabaharia kilikuwa kimekwisha. Koleo aliufuata ule waya kwa kiganja, kutoka nyuma, ukutani mwa boti, chini ya ubao wa sakafu. Pale chini ya benchi la tatu ubao ulikuwa na joto. Akaomba watu wampe nafasi, akafungua skrubu, akainua ubao kiasi cha kichwa chake kuingia.

Na hapo akakiona.

Waya ulikuwa mfupi betri zilipohamishwa mbele, na mtu aliuunga. Ulikuwa umesokotwa kwa vidole, kwa kwenda kushoto, ukazungushiwa utepe mweusi na kukazwa uzi wa kuvulia. Maji ya chumvi yalikuwa yameingia, ukijani umetambaa mpaka nje ya utepe. Utepe umeanza kuyeyuka. Mbele yake, mahali pa fyuzi, pamepachikwa kipande cha msumari. Sentimita chache tu kutoka hapo lilipita bomba la petroli.

Koleo alikaa na kichwa chake mle gizani. Waliomwona walidhani anatafuta. Hakuwa anatafuta kitu.

Juu yake alimsikia Chapchap anamwambia Tajiri kwamba mwanamke anapoteza muda, kwamba yeye ataipeleka boti peke yake upande wa pili mchana huu, kwa mashine zote mbili, moto mkubwa, mwendo wa mwisho, aonyeshe kuwa ni nzima na kinachotakiwa ni alteneta tu. Peke yake. Moto mkubwa. Koleo alikitazama kile kiungo jinsi kinavyotoa kamvuke. Hakuhitaji kufanya lolote, isipokuwa kurudisha ubao na kusema, sijaona kitu, Tajiri. Akarudisha ubao. Akakaa juu yake, mikono magotini, na utamu ukamjaa mdomoni.

Huruma haikumjia, tusimsingizie. Kilichomjia kilikuwa hesabu nyingine kabisa. Chapchap akiteketea, watasema nini hapa gatini? Watasema Koleo amerudi, na boti imewaka. Watamlilia Chapchap, watamwita fundi hodari aliyeuawa na mtalaka wake, na uongo wake atakwenda nao kaburini ukiwa safi. Hapana. Alimtaka hai, tena akiwa amesimama mbele ya watu wote, kwenye mwanga.

"Fundi," alimwita, kwa mara ya kwanza bila jina la utani. "Nimekuta kiungo huku chini. Ni chako?"

Chapchap alisogea, akachungulia upande mwingine. "Kila kiungo kwenye boti hii ni changu. Na vyote vizima."

"Kizima kweli?"

"Kizima!"

Koleo alimwambia Nahodha aongeze moto kwenye mashine ya kushoto. Alijua betri iliyokauka hunywa kama ngamia, na umeme wote huo utapita mlango mmoja ule mwembamba. Akasubiri kidogo. Kisha akainua ubao, wazi, mpaka Tajiri kule kwenye kiti akaona.

"Basi kishike. Kama ni kizima, kishike mpaka Tajiri aseme inatosha."

"Mimi si mtoto wa kuchezewa..."

"Kishike," alisema Tajiri.

Ndipo Chapchap alipojua. Koleo aliona jinsi uso ulivyomshuka, na hata miaka mingi baadaye, akisimulia, alipofika hapa alikuwa akinyamaza kidogo ili aufaidi tena. Lakini watu walikuwa wengi na mdomo wake ulikuwa umeshamfunga. Alipeleka mkono wa kushoto, akakikamata kiungo chake.

Hakufikisha pumzi mbili. Aliruka, akapiga yowe, utepe ulioyeyuka umemganda kwenye vidole, akautumbukiza mkono majini huku akilia kama mtoto. Hakuna aliyecheka. Nahodha alikuwa ameuacha usukani, amekuja akiburuta mguu, anatazama chini ya ubao.

"Ule uzi," alisema polepole. "Huo uzi wa kuvulia. Siku ile niliinua kiti nikaona moshi, na kabla moto haujanirukia nilikiona kitu kama hiki. Kimefungwa uzi hivihivi. Hakuna aliyeniuliza."

"Mimi nilitaka kukuuliza," Koleo alisema. "Nilikuja hospitali. Walinifukuza mlangoni, wakasema hutaki kuniona."

Nahodha alimgeukia Chapchap, ngumi imekwisha kukunjwa. Koleo akamzuia kwa mkono kifuani.

"Mwache. Huyu ni wangu."

Akamsogelea yule mtu aliyekuwa mume wake. "Mwambie Tajiri nani alifunga nyaya za chini ya viti kwenye ile boti iliyoungua. Sema, nami nakutolea huo utepe mkononi. Usiposema, baki nao."

Chapchap alisema. Alisema kwa kwikwi, na Koleo akamfanya arudie kwa sababu mara ya kwanza injini zilikuwa zinanguruma. Akaamuru zizimwe. Akamfanya arudie tena kwenye ukimya, mabaharia wote wakisikia, na wachuuzi waliokuwa wamejikusanya gatini. Ndipo akachukua mafuta na kitambaa akamsafisha vidole, taratibu, bila upole.

Kisha akaifanya kazi aliyoitiwa. Alikata waya wote ulioungwa, akapitisha mpya, mmoja, mzima, mnene, mbali na bomba la petroli. Ncha akazibana na kuzilehemu. Akautoa msumari, akaweka fyuzi. Mashine zilipowashwa, betri ya kushoto ikapanda yenyewe, swichi nyekundu ikiwa imezimwa. Tajiri aliinuka kwa fimbo yake, akamwomba radhi mbele za watu. Koleo aliipokea radhi kama mtu anavyopokea mzigo aliouacha kwa jirani: ni wake, na umecheleweshwa.

Jioni alimsimulia mama yake yote. Mama alilia, akasema, "Baba yako angekuwepo leo..."

"Baba alikuwepo, mama. Angeniuliza tu." Kwa Chapchap alikuwa amefika, lakini baba aliyegeukia ukuta, hakukuwa na njia ya kumfikia.

Tajiri alimfukuza Chapchap kutoka kwenye karakana, na Koleo akairudia. Watu wazima walimjia kumshauri. Walimwambia umeshinda, sasa samehe, mpe hata kazi ya kuosha vifaa. Mke mpya wa Chapchap alikuja pia, akakaa kwenye benchi la mlangoni, akasema, "Dada, sisi hatukukukosea."

"Kweli, hamkunikosea," Koleo alimjibu. "Wewe njoo, kazi nitakupa. Yeye hapana." Na mwanamke yule alikuja kweli, akajifunza kulehemu, akawa na mkono mzuri.

Lakini hakuna aliyeona kisasi chenyewe mpaka miezi ilipopita. Boti karibu zote za pale zilikuwa zimepita mikononi mwa Chapchap, na wenye boti, baada ya kusikia habari, walianza kuzileta zikaguliwe. Koleo alizifungua moja moja. Kila alipokuta kiungo cha kusokotwa kwenda kushoto, alikikata kwa raha zake na kukitupa kwenye ndoo. Ndoo aliining'iniza mlangoni mwa karakana, mahali ambapo kila apitaye gatini lazima aione, na mtu akiuliza hii nini, mabaharia humwambia.

Chapchap alikuwa akipita hapo kila asubuhi akitafuta kibarua cha kubeba mizigo. Mwanzo alipita upande wa pili wa barabara. Siku moja alishindwa, akaja akasimama, mkono wenye makovu ameuficha mfukoni.

"Nakuomba uitoe hiyo ndoo. Watoto wangu wanapita hapa."

Koleo alikuwa ameinamia mashine. Hakuinua kichwa.

"Nitaitoa ikijaa."

Ilijaa kabla ya mvua kuanza. Aliitoa kama alivyoahidi, akavimwaga vile viungo kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, akaiosha, akaining'iniza tena.